Keti kwenye kona, nyamaza, andika: kumfundisha na kumpima daktari wa familia anapoongea na mgonjwa

Wengi wetu tunaosimamia madaktari wanaosomea udaktari wa familia tunawapima kwa kuwasikiliza wakisimulia. Kijana anatoka chumbani, anasimama mbele ya meza yako na daftari la mgonjwa mkononi, anamwaga: mama wa miaka 52, ana presha mwaka wa nne huu, kichwa kinamuuma wiki 2, kisukari hana, dawa anatumia. Unamuuliza mawili matatu, unaridhika, unasaini. Hapo umempima kusimulia. Namna alivyoyapata maelezo hayo, na yale aliyoyakosa, huyajui. Yeye pia hayajui, na mgonjwa mwenyewe ameshafika kwenye benchi la maabara.

Mwongozo huu namwandikia msimamizi mwenzangu anayetaka kupima mazungumzo yenyewe. Nauandika kutoka kituo cha afya huku Ilemela, Mwanza, karibu na Ziwa Victoria kiasi kwamba upepo ukigeuka mchana harufu ya dagaa inaingia hadi chumba cha chanjo. Wagonjwa wetu ni wavuvi, wachuuzi wa samaki, mama lishe, wanafunzi, na bibi waliotoka visiwani kufuata watoto wao mjini. Nimezoea kufundishia mazingira hayo, kwa hiyo mifano yangu itanuka samaki kidogo.

Andaa chumba kwanza

Anza na ruhusa. Muuguzi wa mapokezi amwambie mgonjwa angali nje: "Leo kuna daktari mwingine atakaa ndani kumwangalia mwenzake anavyofanya kazi. Anayeangaliwa ni daktari. Ukitaka asiwepo sema tu, hutacheleweshwa." Ukisubiri kumwomba akiwa ameshaketi mbele ya makoti meupe mawili, atakubali hata kama moyoni hataki. Bibi aliyetoka Kayenze tangu alfajiri hawezi kukukatalia usoni.

Kiti chako kiwe kwenye kona, nyuma ya bega la mgonjwa, mahali ambapo unauona uso wa daktari lakini mgonjwa hakuoni bila kugeuka. Atageuka tu, hasa kama una mvi. Wewe inamisha macho kwenye karatasi yako mpaka arudi kwa daktari wake. Ukijibu swali moja tu, mashauriano yamekuwa yako na hakuna tena cha kupima.

Kiti cha mgonjwa nacho kitoke ng'ambo ya meza, kije ubavuni. Vyumba vingi vyetu vimepangwa kama ofisi ya mtendaji wa kata, meza katikati na mgonjwa mbali. Siku hizi kuna na kompyuta: daktari anaandika kwenye mfumo huku mama anaongea na kisogo cha skrini.

Karatasi yako igawe safu mbili, maneno ya mgonjwa kushoto na ya daktari kulia, dakika pembeni. Andika maneno yenyewe, yalivyotamkwa, pamoja na kicheko, kimya na kuguna. Usiandike "aliuliza vizuri kuhusu dawa". Baada ya nusu saa maneno hayo hayatakusaidia wewe wala yeye.

Wanaopenda kurekodi video, inafaa sana, ila ruhusa iwe ya maandishi na kifaa kiwe cha kituo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya kuwa nyeti, na kundi la WhatsApp la madaktari siyo mahali pa kuzihifadhi.

Dakika 2 za mwanzo

Hapa ndipo ninapotumia muda mwingi kuliko sehemu nyingine yoyote, na sioni haya kusema hivyo.

Salamu kwanza. Daktari wa miaka 28 asiyemwamkia mama wa miaka 60 ameanza na deni. "Shikamoo mama" haichukui sekunde 2. Mzee wa Kisukuma akisikia "mwangaluka" kutoka kwa kijana aliyezaliwa Moshi, hata kama imetamkwa ovyo, atatabasamu na mkao wake utalegea. Lakini salamu zetu zina mtego. "Habari za asubuhi?" "Nzuri." Mtu mwenye homa ya nyuzi 39 atajibu nzuri, ndivyo tulivyolelewa. Daktari mgeni wa kazi anaipokea hiyo nzuri, anakimbilia "Haya, shida nini?", anapewa neno moja: "Tumbo." Kuanzia hapo ni maswali ya polisi. Linauma wapi? Tangu lini? Unaharisha? Unatapika?

Ninachofundisha ni kuacha salamu imalizike yenyewe, kisha kuuliza swali moja la wazi: "Karibu mama. Nieleze, imekuwaje mpaka ukaja leo?" Halafu anyamaze. Mikono itoke kwenye kibodi. Anachoruhusiwa kusema ni "enhe", "mh" na "ikawaje?" mpaka mgonjwa aishiwe mwenyewe.

Vijana wote watakwambia foleni. Wana haki, asubuhi ya Jumatatu benchi letu linafika hadi nje kwenye mwembe. Ndiyo maana nawapa takwimu. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani, Beckman na Frankel, walirekodi madaktari wakiwa kazini, wakakuta mgonjwa anakatizwa baada ya wastani wa sekunde 18. Uswisi, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2002, madaktari wa hospitali ya chuo kikuu mjini Basel waliambiwa wasimkatize mgonjwa. Wagonjwa 335 walipimwa kwa saa, na wastani wa kuongea wenyewe hadi kumaliza ukawa sekunde 92. Karibu wanne kwa kila watano walimaliza ndani ya dakika 2. Basel si Kirumba, najua, ila mwambie mwanafunzi apime mwenyewe kwa saa yake ya mkononi. Mama wa Kisukuma akianza na habari za mazishi ya shemeji yake anaweza kupita dakika 3, na mara nyingi shemeji ndiye jibu.

Jambo la pili katika sehemu hii ni kuuliza mapema kama kuna shida nyingine. Wanafunzi huuliza mwishoni, wakiwa wameshasimama, na huuliza hivi: "Hakuna lingine?" Mgonjwa mstaarabu atajibu hakuna. Waulize mwanzoni, na kwa sura hii: "Mbali na kichwa, ni jambo gani jingine ulitaka tuliongelee leo?" Mashaka ya ndoa, kutokwa na usaha, mtoto anayekojoa damu, haya hujitokeza hapo. Yasipojitokeza hapo yatatoka mgonjwa ameshashika kitasa cha mlango.

Mfano mmoja, neno kwa neno

Huyu ndiye mama wa presha wa pale juu, nimebadilisha mambo kadhaa asitambulike. Presha ilisoma 172 kwa 104, hana dalili za hatari. Karatasi yangu ilisomeka hivi:

Daktari: Dawa za presha unatumia?
Mama: Natumia.
Daktari: Kila siku?
Mama: Eeh, natumia.
Daktari: Hujaacha hata siku moja?
Mama: (anacheka) Natumia, daktari.
Daktari: Sawa. Basi nitakuongezea na nyingine.

Katika kusimulia, hili lingekuwa "dawa anatumia, presha haijashuka, nimeongeza ya pili", na mimi ningesaini. Kwenye karatasi kuna kicheko, nami nilikizungushia duara.

Baadaye sikumwambia kwamba amekosea. Nilimwonyesha mstari, nikamuuliza, "Alipocheka, ulifikiri nini?" Akajibu, "Niliona kuna kitu dokta, ila nikaona nikimbana nitamwaibisha." Jibu hilo lina thamani kuliko mtihani wa karatasi. Kijana aliona, na adabu yake ndiyo iliyomzuia. Kwa hiyo alichokosa ni sentensi ya kuulizia jambo hilo bila kumvunjia mama heshima. Tukaitafuta pamoja, akaisema kwa sauti kama mara tatu mpaka ikamkaa mdomoni: "Mama, dawa hizi ni kazi kuzinywa, watu wengi zinawapita siku nyingine. Kwako wiki hii ilikuwaje?"

Mama alikuwa bado yuko maabara. Tukamwita, kijana akauliza. Ikawa hivi: dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, mwezi ukiwa mkubwa wavuvi hupumzika. Siku za giza yeye hulala mwaloni, pale mitumbwi inapotia nanga, ili anunue alfajiri na kuanika kabla jua halijapanda, na dawa hubaki nyumbani kabatini. Tena jirani alimwambia ukizizoea mwili hauwezi tena kujitegemea, kwa hiyo hata akiwa nyumbani huzinywa kichwa kikigonga. Dawa ya pili ikasubiri. Wakakubaliana karatasi moja ya vidonge ikae kwenye kipochi cha pesa, kisichoachwa nyuma hata siku moja, na arudi baada ya wiki 2 kupimwa.

Maswali matatu ambayo vitabu husema ni rahisi

Kila mwongozo wa mashauriano unataka daktari ajue mgonjwa mwenyewe anadhani ana nini, anaogopa nini, na alitarajia kufanyiwa nini. Sawa kabisa. Shida ni kwamba ukimwuliza mgonjwa wetu "Wewe unadhani ni nini?" atakutazama kwa mashaka. "Wewe ndiye daktari, mimi nitajuaje?" Mwanafunzi akishajibiwa hivyo mara mbili haulizi tena, na kwenye fomu unakuta amejaza "mgonjwa hana wazo".

Njia ya kupita ni watu wengine. "Nyumbani wanasemaje kuhusu hali hii?" "Wenzako huko mwaloni wanasema ni nini?" Hapo utaambiwa kichocho kimepanda kwenye ini, kansa, UTI sugu, chango, kurogwa na mke mwenza. Kwa hofu, uliza moja kwa moja lakini kwa sauti ya chini: "Katika yote haya, lipi linakunyima usingizi?" Kwa matarajio: "Ulipokuwa njiani kuja, ulitaka leo tukufanyie nini?" Wengi watasema walitaka kupimwa damu na mkojo. Ukishajua hivyo unaweza kueleza kwa nini kipimo hakihitajiki. Usipojua, ataondoka akisema hakupimwa na atapimwa duka la dawa.

Liko na la nne, nalidai kila mara: "Kabla ya kuja hapa umeshatumia nini? Za dukani, za miti, zote nataka kuzijua, sitakugombeza." Mwanafunzi akisema "sitakugombeza" kisha akakunja uso, iandike kwenye safu ya kulia.

Mgonjwa asiyejua Kiswahili vizuri anahitaji somo lake. Bibi anakuja na mjukuu wa kutafsiri Kisukuma au Kikerewe, na kufikia dakika ya pili daktari anaongea na mjukuu, bibi amekuwa mzigo uliowekwa kitini. Uso umwelekee bibi, sentensi ziwe fupi, na kama swali ni la uzazi au la mkojo, mtoto atoke atafutwe muuguzi anayejua lugha.

Kumfungia mgonjwa safari

Mwingereza Roger Neighbour, mwaka 1987, aliyapanga mashauriano katika hatua 5: kuungana na mgonjwa, kumrudishia muhtasari wa alichosema, kumkabidhi mpango, kumwachia tahadhari, na daktari kujiweka sawa kabla hajamwita anayefuata. Upo pia mwongozo wa Calgary-Cambridge wa mwaka 1996, ambao katika matoleo ya baadaye umeorodhesha stadi zaidi ya 70. Huo wa pili ni mzuri kwa msimamizi anayetafuta jina la kosa. Kwa mwanafunzi natumia hatua 5, zinaenea kwenye vidole.

Ile ya tahadhari ndiyo dhaifu kuliko zote kwetu. "Ukiona hali mbaya rudi" haimsaidii mtu yeyote. Mtoto mwenye homa anayerudishwa nyumbani, mama aambiwe dalili zenyewe: akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila kitu, akipata degedege, akilegea au akawa haamki. Aambiwe pia arudi wapi na kwa usafiri gani. Kama mama anavuka kwenda Ukerewe jioni ile, kumwambia arudi hapa saa 6 usiku ni kujifurahisha. Mwanafunzi anapaswa kumuuliza kituo kilicho karibu naye kule na kukiandika kwenye daftari lake. Hilo mimi nalitoza alama.

Kisha mgonjwa arudie mpango kwa maneno yake. Siyo "Umeelewa?", maana kila mtu ameelewa. "Baba akikuuliza nyumbani daktari amesemaje, utamjibu nini?"

Mgonjwa wa kuigiza

Siku ambazo hakuna mgonjwa wa aina unayotaka kufundishia, mtengeneze. Usitumie wauguzi wa kituo, wanamhurumia mwanafunzi na wanajua majibu. Wahudumu wa afya ngazi ya jamii au wanakwaya wa kanisa la jirani ni waigizaji wazuri mno. Mpe kadi yenye mambo machache: mvuvi wa miaka 30, anasema ana UTI haiishi, ameshachomwa sindano mbili duka la dawa. Hofu yake ya kweli ni kwamba mwaka wa pili huu mke hajashika mimba. Sharti: asiitaje mpaka aulizwe swali la wazi na kuachiwa kimya cha kutosha. Akiulizwa "una watoto?" ajibu "bado" basi.

Mwigizaji naye atoe alama yake kabla yako: "Ulipotaka kusema lile jambo, daktari alikuwa anafanya nini?" Majibu yao yamenyooka. "Alikuwa anatafuta kalamu."

Maoni baada ya mgonjwa kutoka

Kanuni za David Pendleton na wenzake za mwaka 1984 zinafahamika: mwanafunzi aanze kutaja alichofanya vizuri, kisha msimamizi ataje mazuri, ndipo mjadili cha kuboresha. Zilikuja kuwalinda wanafunzi dhidi ya kushambuliwa na zimefanya kazi hiyo. Kwangu huwa ngumu mno zikifuatwa kwa mstari, kwa sababu kijana wetu hasikii mazuri yale, anangojea "lakini". Na ukimwambia aanze yeye, heshima inamtuma aseme "Nimekosea dokta, nisamehe."

Mimi huanza na swali: "Ulikwama wapi, nikusaidie wapi?" Tunafuata hapo, nikiwa na karatasi ya maneno mkononi. Sehemu moja kwa kila mgonjwa, mbili zikizidi sana. Kila sehemu iishie kwa kusema upya kwa sauti, mimi nikiwa mgonjwa. Kuelewa peke yake hakumsaidii akirudi chumbani na watu 40 nje.

Alama

Maneno kama mpole, mchangamfu, ana lugha nzuri, yafute kwenye fomu. Andika tendo linaloonekana, na ngazi tatu zinatosha: ameonyesha, ameonyesha nusu, hakuonyesha. Alimwacha mgonjwa amalize kauli ya kwanza. Aliuliza hofu. Alitaja dalili za kurudi na mahali pa kurudi. Karibu na kila alama nakili maneno aliyoyasema siku hiyo. Alama isiyo na maneno pembeni siitii saini.

Mashauriano moja hayampimi mtu. Anayeng'ara kwa mtoto mwenye homa anaweza kuzama kwa mlevi au kwa msichana anayeficha mimba. Uingereza, mtihani wao wa mashauriano wa madaktari wa familia ulioanza mwaka 2023 una wagonjwa wa kuigiza 12, dakika 12 kila mmoja, na sababu ni hiyo hiyo. Kwetu, katika zamu ya mafunzo nadai wasiopungua 6 walioangaliwa moja kwa moja, na wasimamizi tofauti wasiopungua wawili, kwa umri na shida mchanganyiko. Angalau mmoja awe amekuja na mkalimani.

Wasimamizi nao wapimwe. Mketishe mwenzako kwenye kona ya pili, kila mtu ajaze fomu yake bila kuongea, kisha mfunue. Mtagundua mmoja wenu ni mkali na mwingine anagawa alama kama pipi. Jadilini vigezo kabla ya kumpa mwanafunzi matokeo yoyote.

Kipimo changu nikipendacho hufanyika mwanafunzi akiwa hayupo. Muuguzi anamfuata mgonjwa kwenye foleni ya dirisha la dawa na maswali matatu: daktari amesema una nini, dawa utazinywaje, jambo gani likitokea urudi. Majibu yanaandikwa yalivyo. Mwanafunzi aliyeeleza ugonjwa kwa ufasaha kabisa, halafu mgonjwa wake dirishani akasema "kaniandikia tu dawa", hapati alama ya kueleza, na anaonyeshwa jibu hilo siku ileile.

Anayeshindwa mara kwa mara mpe tendo moja la kufanyia kazi kwa wiki 4, limeandikwa na kusainiwa na nyote wawili, na mwisho wa wiki hizo aangaliwe na msimamizi ambaye hakuhusika mwanzo. Ukimpa matendo matano atayafanya yote nusu nusu, na hutajua lipi limebadilika.